Maji Yaliyoizamisha Ngome

Kila Alhamisi baada ya vipindi, Ajwang, mwanafunzi wa darasa la sita huko Buswelu, alikimbilia chumba cha kompyuta. Klabu yao ilikuwa ikijenga ngome ndani ya mchezo wa kompyuta. Walichimba vyumba ndani ya kilima cha mawe kando ya ziwa, na watu wadogo wa mchezo waliishi humo, wakipika, wakihifadhi nafaka na kuteka maji. Ajwang ndiye aliyechimba mfereji kutoka ziwani hadi kisima cha jikoni. Ijumaa moja wazazi walialikwa kuja kuitazama kazi hiyo.

Alhamisi ya kuamkia siku hiyo, Ajwang aliwakuta wenzake wameizunguka kompyuta. Kioo kizima kilikuwa cha buluu. Maji yalikuwa yamejaa jikoni, ghalani na katika vyumba vya kulala. Hakuna aliyepona.

"Huyo amekuja!" Shimba, kiongozi wa klabu, alimnyooshea kidole. "Kisima chako kimetuulia watu wote!"

"Kisima changu? Siku zote hakijafurika, leo ndiyo kifurike?"

Mwalimu Bernadeta, mlezi wa klabu, alikitupia kioo jicho mara moja tu. "Ajwang, maji yametokea kisimani. Waombe wenzako msamaha, kisha ukae nje ya klabu mpaka nitakapokuita."

Hasira ilimpanda Ajwang. Hata swali moja hakuulizwa!

"Mwalimu, siwezi kuomba msamaha kwa kosa ambalo sikulifanya."

"Unabishana na mwalimu?" Shimba akadakia.

"Sibishani. Nakataa kuonewa!"

Machozi yakamlenga, lakini hakuondoka. Mwalimu akamsogezea kiti mbele ya kompyuta. "Haya, tuonyeshe."

Ajwang alifungua ngome kama walivyoihifadhi wiki iliyopita. "Tazameni. Sakafu ya jikoni iko juu kuliko ziwa. Maji yanapita mferejini, yanapanda kisimani, yanasimama usawa wa ziwa. Hayapandi zaidi."

Aliuacha mchezo uendelee. Maji yakapanda, yakasimama. Watu wadogo wakateka, wakaenda zao.

Kisha akafungua ngome iliyozama, akapanda sakafu moja baada ya nyingine hadi kileleni. Kumbe kulikuwa na pampu zilizopangwa moja juu ya nyingine! Zilipandisha maji ya ziwa mpaka juu, na bomba likayashusha kwenye mfereji wa Ajwang. Lango la mfereji upande wa ziwa lilikuwa limefungwa.

"Mnaona? Presha ya pampu huyasukuma maji yapande tena hadi usawa wa pampu ya juu kabisa. Ziwani hayawezi kurudi, lango limefungwa. Yatokee wapi kama si kisimani? Nani ameweka pampu hizi na kufunga lango?"

Pius, mmoja wa wanaklabu, alimtazama Shimba.

"Mimi," Shimba alisema polepole. "Nilitaka wazazi waone pampu zikifanya kazi. Sikujua zitafurisha maji. Nilipoona yamefurika, nikaogopa kusema."

Ajwang alipiga meza kwa kiganja. "Ukaogopa wewe, nikafukuzwa mimi!"

"Ana haki ya kukasirika," alisema Mwalimu Bernadeta. "Shimba, kukosea pampu si aibu, hapa sote tunajifunza. Aibu ni kunyamaza huku mwenzako akibeba lawama zako. Na mimi nimehukumu kabla ya kuuliza. Nisamehe, Ajwang. Wanangu, kabla ya kumlaumu mtu, chunguzeni kwanza. Na aliyekosea aseme mwenyewe, asisubiri kuumbuliwa."

Walirudi kwenye ngome ya wiki iliyopita. Ajwang akachora tangi la peke yake kwa ajili ya pampu, mbali na kisima cha jikoni.

Shimba alisimama nyuma yake, mikono mfukoni. "Nisamehe, Ajwang. Umenisamehe?"

"Bado," alijibu bila kugeuka. "Lakini vuta kiti. Pampu zako hizo, kazipange wewe."