Mita Mia Mbele ya Dawa

Baiskeli ilikuwa moja, nyekundu, na mikono iliyoing'ang'ania ilikuwa minne. Soko la mitumba nje ya stesheni, huko ughaibuni, lilifurika wanafunzi wapya, kila mmoja akipayuka kwa lugha yake, na binti wa ufamasia, ndani ya gauni la maua na koti la kuazima, alikuwa tayari kupigana.

"Mwanamke gani huyu, king'ang'anizi hivi!" mwanaume akanong'ona.

"King'ang'anizi ni wewe," akajibiwa kwa Kiswahili kilekile.

Mwanaume aliiachia baiskeli papo hapo. Wakacheka mpaka muuzaji akanuna. Mwanaume alikuwa akisomea uhandisi, mwaka wa pili, mabega mapana, shati limepigwa pasi hadi linang'aa.

"Kumbe unasomea dawa? Basi nitakuita Dawa. Chukua baiskeli, mimi nitapata nyingine. Ila Jumamosi nikutembeze. Mji huu naujua kama kiganja changu."

Akamtembeza kweli, Jumamosi baada ya Jumamosi. Barabara ya ufukweni, upepo wa chumvi machoni, vichochoro vya nyumba za rangi ya samawati, na muda wote bwana huyu yuko mita mia mbele, anakata kona bila hata kugeuka. Dawa alikuwa akisimama na kumpigia simu.

"Uko wapi wewe?"

"Mbele kidogo, mrembo. Kaza!"

"Nikaze nini? Mapaja yanawaka moto!"

Miezi ikapita hivyo. Chai walikunywa, mikono walishikana, neno lenyewe halikutamkwa. Chuo kilikuwa kimempa Dawa nafasi ya kuongeza mwaka, na jibu lilitakiwa kabla ya Jumatatu. Angebaki kama angeambiwa abaki. Hicho tu ndicho alichokingoja, na wa kumwambia alikuwa huko kona ya tatu!

"Ameshasema?" dada yake alimuuliza kwenye simu kutoka nyumbani.

"Bado."

"Mvumilivu hula mbivu, mdogo wangu."

"Dada, mbivu yenyewe inaozea mtini na mimi naitazama!"

Jumamosi ya mwisho alivaa suruali nyeupe, akapaka wanja. Karibu na bandari mnyororo ukachomoka. Akaita, mwenzake akakata kona. Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena. Akakaa kwenye ukuta wa bahari, grisi imemjaa magotini, akalia kwa hasira. Anayekupenda hakuachi barabarani hivi. Akafungua simu, akawaandikia chuo.

Muda mrefu baadaye mhandisi alitokea upande mwingine kabisa, jasho linamtiririka.

"Dawa! Nimekutafuta mji mzima!"

"Mji unaoujua kama kiganja?"

Akainamisha kichwa. "Siujui. Mwaka wa kwanza wote niliumalizia maktabani. Huwa natangulia nione njia inaishia wapi, usije ukaniona nimepotea. Leo nimepotea kwelikweli, na simu ilikuwa ndani ya begi."

"Si ungesema tu, tukapotea wote? Mimi nilidhani unanikimbia!"

"Nikukimbie wewe?" Akamsogelea. "Dawa, usiondoke. Baki. Nakupenda. Nataka nikuoe, na sijui hata nianzie wapi."

Dawa alimtazama. Alitaka kumkumbatia, alitaka kumpiga kibao, na vyote viwili alivitaka kwa nguvu ileile.

"Nimeshawajibu," akasema. "Nimewaambia narudi nyumbani. Wamejibu papo hapo, nafasi wameshampa mwingine."

"Lini?"

"Leo. Nimekaa hapahapa, nakungoja wewe."

Mhandisi akachuchumaa. Akaanza kuurudisha mnyororo. Ilimchukua muda mrefu, na Dawa hakumharakisha.