Saa Nne za Kwenye Tiketi

Jirani yangu ni fundi cherehani. Kila asubuhi saa moja huchoma sindano yake ya kisukari. Jioni saa moja huchoma nyingine. Katikati ni kushona na kumtania mumewe.

Mimi hupakia mizigo kwenye ndege. Jumamosi moja waliniita niwapimie uzito wa sanduku. Mama huyo alikuwa anakwenda ng'ambo kumuona binti yao aliyejifungua. Nikalinyanyua sanduku, nikasikia vichupa vikigongana ndani.

"Humu mna nini?"

"Dawa zake," mume akajibu. "Nimezifunga vizuri kwenye taulo."

"Sanduku hili si linaingia tumboni mwa ndege?"

"Safari yenyewe saa nne tu, bwana! Ona tiketi. Anaondoka saa nne asubuhi, anafika saa nane mchana. Hata karani aliyetuuzia alisema hivyo hivyo."

Damu ilinichemka. Mtu anauza tiketi kila siku, halafu anampa mgonjwa hesabu kama hiyo!

"Karani huyo amekudanganya, au hajui kazi yake," nilisema. "Yote mawili yananiudhi. Saa ya kuondoka ni ya huku. Saa ya kufika ni ya kule. Kule wako nyuma yetu kwa saa tano. Huku ikiwa saa saba mchana, kule ni saa mbili asubuhi, ndiyo kwanza wanakunywa chai."

Mama akaacha kushona. "Basi saa nne, niongeze tano?"

"Ndiyo, shemeji. Saa tisa angani. Umbali ni kilomita elfu saba na mia mbili. Ndege inakwenda kama kilomita mia nane kwa saa. Gawanya mwenyewe."

Akagawanya kwa chaki ya kukatia nguo, juu ya meza. Ikatoka tisa.

"Ukitua, huku ni saa moja jioni," nikaendelea. "Saa ya sindano. Na sanduku je? Masanduku huwa yanabaki nyuma, nayaona kila wiki. Tena mle tumboni mwa ndege dawa inaweza kuganda kwa baridi, ikaharibika. Dawa ikae mkobani, karibu nawe."

Mama akamgeukia mumewe. "Baba watoto! Ulitaka nifike maiti, na taulo safi?"

Mume akafungua sanduku, akazitoa dawa kwenye taulo.

Jumatatu mama alikwenda kliniki. Muuguzi alimwandikia saa za sindano na za kula safarini, pamoja na barua ya kuonyesha uwanjani. Aliporudi alipitia kwa karani, na hakupanga foleni.

"Andika hapa: saa tisa angani," alimwambia, akigonga tiketi kwa kidole. "Na kila anayekuja mwambie hivyo. Wengine hawana jirani mpakia mizigo!"

Karani aliandika.

Siku ya safari nilikaa na mume nyumbani kwao. Saa mbili usiku simu ikalia.

"Nimefika salama. Ila sanduku halijafika. Wanasema labda kesho kutwa."

Mume akasimama. "Na dawa?"

"Ninayo mkobani. Saa moja yenu nilichoma, nikala. Huku jua linawaka, na mjukuu nimempakata. Huyo jirani yuko hapo?"

"Yupo."

"Mwambie anitafutie taulo langu."