Gramu Saba Zilizobaki Ndani ya Jiwe

Kila asubuhi Nzigire aliosha vyombo, akamvalisha mdogo wake sare, kisha akaenda shule huku wachuuzi wa Kamembe wakipishana naye kuelekea Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Mama yake alikuwa mmoja wao. Tangu mama azikwe, Nzigire alifanya yote aliyotakiwa kufanya, wala hakulia, wala hakucheka. Shangazi yake Eugénie aliwaambia majirani kwamba mtoto amepiga moyo konde. Moyo konde wapi! Hakuhisi chochote, basi.

Jambo moja tu lilimbakia kichwani: mama alitaka asome sayansi. Madame Mukabalisa, mwalimu wa kemia, ndiye aliyekuwa akichagua wanafunzi wa sayansi, na safari hii angeangalia jaribio la chokaa.

Madame alikuwa amewaeleza kwamba moli ni kama dazani. Dazani ya mayai na dazani ya machungwa zina idadi moja, ila uzito ni mbalimbali. Moli moja ya mawe ya chokaa, kama yale ya Muganza, ina gramu 100. Jiwe likiungua sawasawa, gesi ya gramu 44 hutoka na chokaa ya gramu 56 hubaki. Kila kikundi kilipewa gramu 50, yaani nusu moli. Kwa hiyo chokaa ilipaswa kuwa gramu 28.

Nzigire alipangwa na Mwavita, binti wa mhunzi, wakachomea jiwe lao kwenye makaa ya mhunzi huyo. Mwavita alivuta mvukuto huku akiimba, na mikono ilipochoka akatangaza kwamba jiwe limeiva kuliko muhogo. Nzigire aliona bado lina rangi ya kijivu upande mmoja, akaliacha lipoe hivyo hivyo. Kesho yake alilipima peke yake, kwa kuwa Mwavita alikuwa ametumwa maji. Mizani ilionyesha gramu 35. Nzigire akaandika 28. Hakuogopa.

Madame alipokusanya kazi alilirudisha jiwe lile kwenye mizani, akamwambia Nzigire abaki darasani.

“Muzani inasema makumi tatu na tano. Wewe umeandika makumi mbili na munane. Umeitosha wapi, inatoka wapi?”

“Ku hesabu, Madame. Nilijua vile inapashwa kuwa, nikaandika vile.” Nzigire alingoja aibu imshike, haikuja. “Najua utanitosha ku sayansi, utaniondoa.”

Madame hakugomba. Alimpa chaki, akamtaka atafute gesi iliyotoka. Hamsini kutoa 35 ni gramu 15, na zilipaswa kutoka 22. Gramu saba za gesi zilikuwa bado ndani ya jiwe. Nzigire mwenyewe akasema kwamba moto haukutosha.

Alasiri wasichana hao wawili walirudi kwa mhunzi, na Mwavita, kwa manung'uniko mengi, akavuta mvukuto mpaka jiwe likawa jeupe lote. Asubuhi mizani ilionyesha 28 na kidogo juu yake. Nzigire aliandika namba zote mbili, ile ya kwanza na hii, akaeleza kwa nini zilitofautiana. Madame akasoma, akamwambia nafasi yake ya sayansi ipo. Kisha akaketi naye kwenye dawati.

“Hesabu inatuonesha vile kintu inapashwa kuwa. Muzani inatuonesha vile iko. Ukinificha vile iko, siwezi kukusaidia, hata nikupende namna gani.” Akalifunga daftari la Nzigire. “Bantu banasema wewe uko mugumu tangu kilio. Ni kweli?”

Ingekuwa rahisi kuitikia. Nzigire alitazama mikono yake.

“Hapana, Madame. Siko nasikia kintu mu moyo. Hata kulia, sijalia.”

Macho yake yalikuwa makavu bado, lakini kwa mara ya kwanza tangu msiba alitamani mtu aliye karibu naye asiondoke upesi. Madame hakuondoka.

“Usijilazimishe kulia, mutoto yangu. Lakini usiache bantu baseme uko muzima na hauko. Leo tutaenda pamoja kwa shangazi yako, umuambie vile umeniambia.”