Medali Shingoni mwa Mbuzi

Kila jioni, akirudi kutoka shuleni, Nakaale alikuwa na kazi moja asiyoipenda hata kidogo: kuziba tundu la boma la mbuzi kwa miiba. Kuchota maji alikubali, kuokota kuni alikubali, hata kumbeba mdogo wake Ekai mgongoni alikubali bila kununa. Lakini ile miiba! Ilimchoma vidole na kumrarua sketi, na usiku upepo wa Isiolo uliisukuma huko na huko, ikabidi aanze upya kesho yake.

Nyanya yake hakutaka kusikia malalamiko. Ulikuwa mwaka ule wa ukame, watu wakila mahindi ya manjano ya msaada, na katika boma lao alikuwa amebaki mbuzi mmoja tu, jike mwenye madoa. Nakaale alipata pakiti ya maziwa shuleni. Ekai alikuwa bado mdogo mno kwenda shule, na maziwa yake yote yalitoka kwa mbuzi huyo.

Pasaka ya mwaka huo Nakaale na nyanya yake walibatizwa siku moja. Kabla ya ubatizo, katekista Lokol, mwalimu wao wa dini, alimwomba nyanya avue hirizi yake, kipande cha mzizi alichopewa na mganga zamani. Nyanya aliivua shingo upande. Baada ya misa, Lokol huyo huyo akamvisha Nakaale medali ya Bikira Maria iliyofungwa kwa uzi wa buluu.

"Changu kimetupwa, chako kimevalishwa," nyanya alinung'unika njiani. "Mimi dini hii bado sijaielewa."

Nakaale naye hakuielewa. Alishika jambo moja tu: medali imebarikiwa, na baraka hulinda.

Basi jioni moja, vidole vikimuuma, alipata wazo lililomfurahisha sana. Alivua medali yake akamfunga mbuzi shingoni, na tundu la boma akaliacha wazi. Kwani Bikira Maria atashindwa na fisi?

"Umeziba?" nyanya aliuliza kutoka jikoni.

"Nimeziba, nyanya."

Asubuhi boma lilikuwa tupu. Nyayo za fisi zilionekana mchangani kando ya tundu. Ekai alikuwa ameketi mlangoni na kikombe chake, akiita, "Maziwa! Maziwa!" Nyanya alilitazama tundu, kisha akamtazama mjukuu wake.

"Labda ni upepo," Nakaale alisema. "Na nilikuwa nimemvisha mbuzi medali yangu, nyanya!"

"Basi mzizi wangu ulikuwa na nguvu kuliko hiyo," nyanya alijibu kwa uchungu.

Maneno hayo yalimvuruga Nakaale kabisa. Alimhurumia Ekai, akajionea aibu, na juu ya hayo yote hakujua tena aamini nini. Akakimbia hadi misheni. Katekista Lokol alikuwa nje ya kanisa akitia upepo baiskeli yake.

"Mwalimu, medali haifanyi kazi! Nilimvisha mbuzi wetu, na fisi amemchukua. Bikira Maria alikuwa wapi? Au hajali mbuzi? Au mlitudanganya?"

"Pole sana, Nakaale," Lokol alisema. "Huyo fisi alipitia wapi?"

"Kwenye tundu la boma."

"Na tundu lilikuwaje wazi?"

Nakaale alifungua mdomo aseme habari ya upepo. Lakini ukweli ndio uliotoka. "Sikuliziba," alisema, akaangua kilio. "Na nyanya nilimdanganya."

Lokol hakumkaripia. Alichukua panga lake na chupa ya maji ya baraka, wakaenda pamoja.

Walipofika, walimkuta mama Khadijo, mama Mwislamu wa mtaa wa Kiwanjani, amesimama uani na kamba mkononi. Mwisho wa kamba alikuwa mbuzi mwenye madoa, akitafuna ganda la mahindi kana kwamba hakuna lililotokea.

"Aliingia kwetu usiku akilia kama mtu," mama Khadijo alisema. "Khadijo akaona hii medali, akaniambia, 'Mama, hii ni ya Nakaale, tunakaa naye dawati moja.' Mguu umekwaruzwa kidogo tu, alhamdulillahi."

"Kumbe inafanya kazi!" nyanya alipiga makofi.

Nakaale akazidi kuchanganyikiwa. Lakini kabla ya kuuliza lolote alimwendea nyanya yake. "Nisamehe, nyanya. Jana sikuziba boma. Nilisema uongo." Nyanya akamfuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Sasa mwalimu, inafanya kazi au haifanyi?" Nakaale aliuliza.

Lokol alicheka. "Medali yenyewe ni chuma tu, haina nguvu ndani yake. Mama, wewe ulivaa mzizi ukiamini nguvu imo mzizini, ndiyo maana nilikuomba uuvue. Medali, rozari, maji haya na majivu ya Kwaresima tunaviita visakramenti. Kanisa limeviombea, navyo hutukumbusha kuomba na kuishi vizuri, ili tupokee neema ya Mungu. Havimfungi Mungu kamba atufanyie kazi tuliyoikwepa."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi amerudishwa na Mungu, kwa mkono wa mama huyu. Mshukuruni."

Walimshukuru sana. Nyanya alikamua, akampa Ekai kikombe kilichojaa, kisha akasema, "Haya Lokol, nyunyiza maji yako bomani, halafu tunywe chai."

Lokol hakuifungua chupa. "Nibariki nini, mama? Tundu?"

Akampa Nakaale panga. Walikata matawi wote wawili, wakayavuta, wakayapanga mpaka tundu halikuonekana tena. Hapo ndipo Lokol alipofungua chupa, akanyunyiza, na yeye, Nakaale na nyanya wakafanya ishara ya msalaba. Mama Khadijo alisimama kando kwa heshima, akingoja chai.

Jioni iliyofuata Nakaale alikuwa na medali shingoni mwake na mikwaruzo mipya mikononi.

"Umeziba?" nyanya aliuliza kutoka jikoni.

"Nimeziba, nyanya. Njoo uone."

Nyanya alikuja kweli. Alilisukuma tawi kwa nguvu, likakataa kusogea, na mwiba ukamchoma kidole. Alikinyonya kidole chake, akimtazama mjukuu wake kwa furaha.

"Vizuri," alisema. "Umefanya kazi yako, na umesema kweli. Sasa shika medali yako, tuombe."