Mlango wa Kushoto wa Namba 31

ALHAMISI, SAA KUMI JIONI. HIGHVIEW, LOUISVILLE

Ganza aliuchora uwanja kwa kidole kwenye vumbi la msasa lililotanda juu ya meza. Karatasi hakutaka. Anayekamatwa na karatasi, alisema, hutapika majina yote kabla hajapewa hata maji.

"Trela zinakaa hapa. Jukwaa hapa. Muzungu wetu kila mwaka anaegesha mstari wa mwisho, karibu na uzio. Saa sita kamili wanaita mkutano wa madereva. Kila mwenye gari lazima aende, wanasomewa sheria. Donc, tuko na dakika kumi na nane."

"Na mlinzi?" Précieux aliuliza.

"Mlinzi anaona watu weusi watatu wa ovaroli wanasukuma gari. Atauliza nini? Pale watu wanasukuma magari siku nzima."

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la matairi. Hakina dirisha, kinanuka rangi na chuma kilichoungua. Katikati, chini ya turubai, lilisimama pacha. Kamanzi alilitengeneza kwa miezi kumi na minne, kila akitoka zamu kiwandani. Gari la mbio za vumbi, la zama za mababu: bodi ya mwaka 1937, madigadi yamekatwa, mabomba ya chuma yamepitishwa ndani kumlinda dereva, rangi ya bluu, namba 31 nyeupe milangoni. Ungeapa limekula vumbi miaka sabini. Hata kutu aliiotesha mwenyewe, kwa chumvi na siki.

La kweli lilikuwa Amherst, karibu na Buffalo, kwa mzee Dorsey, tajiri anayekusanya magari ya aina hiyo. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza: pacha abaki, la kweli liondoke, mzee asijue hadi anaingia kaburini.

Sasa tuambizane ukweli. Ganza alikuwa jambazi, shehena mbili za televisheni zilishapotelea mikononi mwake na hakuna aliyemgusa. Précieux alikuwa dereva wa foklifti mwenye tamaa kidogo na sauti nzito ya kwaya. Kamanzi hakuwa mwizi. Alikuwa fundi bodi. Kabla ya kiwandani, yeye na mdogo wake Mizero walifanya kazi kwa bosi mmoja wa hapo Louisville aliyefufua magari ya zamani. Namba 31 lilipoletwa lilikuwa gofu. Kamanzi aliunga chesisi. Mizero akapewa mlango wa kushoto, maana ule wa asili ulikuwa umeliwa wote na kutu. Akaufua kutoka bati tupu, kwa nyundo ya mti na mfuko wa mchanga, miezi minne. Siku alipoupachika, ulifunga kwa kusukumwa na kidole kimoja.

Halafu figo zikamwangusha. Machi ya mwaka jana wakamzika. Aprili bosi akaliuza gari. Lilikuwa lake, akauza chake. Lakini Mizero hakuacha mtoto, hakuacha nyumba, na nguo zake ziligawiwa watu. Duniani alibakiza mlango ule mmoja, na Kamanzi aliutaka mpaka akawa hali chakula vizuri.

"Nakuuliza mara ya mwisho, shemeji," Kamanzi alisema. "Gari likitoka, la nani?"

"Injini ya mtu wangu. Yote yanayobaki, yako. Mizero alikuwa shemeji yangu pia. Unaniona mnyama?"

Ganza alikuwa amemwoa Theodosia, dada yao. Kamanzi akampa mkono.

Précieux akavua kofia, akataka waombe. Ganza akacheka. "Umwombe Mungu akusaidie kuiba?"

"Naombea safari. Safari ni safari."

Hapo pangetosha. Lakini Précieux, toka kambi ya wakimbizi mpaka Amerika, hakuwahi kusafiri bila kulijulisha kanisa. Alipotoka nje alishika simu, akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la maombi lenye watu mia nne, wa Louisville, wa Columbus, wa Buffalo: "Watumishi, mutukumbuke. Mimi na ndugu Kamanzi tunaenda Buffalo. Jumamosi tuko kwenye uwanja wa magari ya zamani, kule Amherst. Mungu atutangulie." Watu sabini wakajibu amina.

IJUMAA, SAA SABA MCHANA. COLUMBUS

Theodosia aliwapikia nyumbani kwake sombe ya majani ya muhogo na samaki. Ganza alipotoka na Précieux kwenda kukagua taa za trela, alikuja na birika akakaa mbele ya kaka yake.

"Yaya, kaka yangu, hii gari munaenda kununua ni ya nani?"

"Ya kwetu. Ganza anachukua injini tu."

Theodosia alimimina chai polepole. "Jumatatu muzungu mmoja alikuja hapa na trela yake. Alipima kwa utepe, mbele mpaka nyuma. Alitaka kujua kama gari nzima itaingia. Alisema kesho jioni anaichukua, nzima."

Kamanzi aliitazama sahani yake. Kumbe alikuwa amebebeshwa miezi kumi na minne ya kazi ili Ganza amuuzie mtu mwingine mlango wa Mizero, na yeye ashukuru juu yake.

"Sikuelewa munafanya nini, na sitaki kuelewa," Theodosia alisema. Akavuta droo, akatoa ufunguo wa akiba wa pikapu, akausukuma mezani. "Yeye ni bwana yangu. Lakini mimi na Mizero tulitoka tumbo moja."

Kamanzi alitia ufunguo mfukoni. Kituo cha kwanza cha mafuta wakitoka Buffalo, Ganza akiingia kukojoa, ndipo yeye na Précieux watakapomwacha. Hakumwambia Précieux. Njia nzima hadi Buffalo watu watatu walikaa kwenye pikapu moja, na kila mmoja alikuwa peke yake.

JUMAMOSI, SAA TANO NA DAKIKA HAMSINI. UWANJANI, AMHERST

Jua kali. Harufu ya mafuta na soseji. Magari ya kale yananguruma, vumbi linapanda na kushuka. Sheria ya pale ni kwamba trela likishaingia, pikapu inatoka na kuegeshwa nje ya uzio. Trela lao lilikaa hatua kumi kutoka Namba 31.

Kamanzi aliliona. Lilikuwa kwenye nyasi, mlango wa kushoto upande wake. Aliinama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

SAA SITA KAMILI

Kipaza sauti kikaita madereva. Mzee Dorsey, kofia ya majani kichwani, akaondoka na wenzake.

"Bon," Ganza alisema. "Sasa."

Walimshusha pacha. Wakamsukuma upande wa kulia wa gari la kweli. Mlinzi alipita, akawapungia mkono. Précieux akampungia.

SAA SITA NA DAKIKA SABA

Winchi ikavuta. La kweli likaanza kupanda daraja la trela. Kamanzi alishika usukani kupitia dirishani, mkono mwingine kwenye mlango. Ndani ya bati vidole vyake vilizisikia alama za nyundo, zimelala kushoto, maana Mizero alitumia mkono wa kushoto. Alimwambia kimyakimya, twende nyumbani.

SAA SITA NA DAKIKA KUMI

La kweli ndani. Pacha pahali pake kwenye nyasi. Walibakisha kufunga mlango wa trela.

"Naleta pikapu," Ganza alisema, akatoka nusu mbio.

SAA SITA NA DAKIKA KUMI NA MBILI

"Kamanzi!"

Hakuna sauti nyingine duniani ambayo ingemgeuza namna ile. Wanawake watano wa vitenge walikuwa wanakuja kati ya matrela, wamebeba chupa za chai na sufuria zilizofungwa kwa vitambaa. Mbele yao, na fimbo yake, bibi Kabanyana, mama yake mzazi, aliyekaa Lower West Side, hapo hapo Buffalo, na hakuwa ametoka nyumbani tangu theluji iishe.

"Mwana wangu, unafika Buffalo na haunipigie hata simu? Nasikia kwa watu wa kanisa?"

Kamanzi alimtazama Précieux. Précieux alitazama chini, na Kamanzi akajua.

"Wageni wanafika mjini hawapokelewi, tungeonekana watu gani?" mmoja wa wanawake alisema, tayari anafungua sufuria. "Huyu Claris ndiye ametuleta na gari yake. Anasoma hapa universiti."

Claris, Mkenya, msichana mwenye miwani, aliwasalimia. "Shikamooni. Poleni na safari."

Nje ya uzio pikapu ilitokea, ikapunguza mwendo. Ganza akamwona mama mkwe wake. Mtu wa kwao hasimami mbele ya mama mkwe hata akiwa na kofia iliyokaa vibaya, sembuse na gari la wizi mgongoni. Pikapu ilisimama kitambo. Kisha ikakata kona, ikashika barabara, ikapotea. Ufunguo ulikuwa bado mfukoni mwa Kamanzi, haufungui kitu.

SAA SITA NA DAKIKA KUMI NA TISA

Mkutano uliisha. Mzee Dorsey alirudi, mlinzi nyuma yake, akakuta wanawake wanamimina chai. Akatazama gari kwenye nyasi. Akatazama gari ndani ya trela. Namba 31 na namba 31.

"Wewe nakujua," alimwambia Kamanzi kwa Kiingereza. "Wewe ni wa ile karakana ya Louisville."

Kamanzi alisikia mdomo wake unasema wenyewe. Alisema alitengeneza pacha, kwa mapenzi ya kazi, akamleta ili kumshangaza mzee. Hilo la kwenye trela ndilo pacha. Lako hilo hapo, mzee, halijaguswa.

Dorsey alizunguka gari la nyasini. Aligonga boneti, akachungulia, akacheka kama mtoto. Akamshika Kamanzi mkono kwa mikono miwili. Hajapata kuona kazi ya namna hii, alisema. Na aliposikia hawana gari la kuvuta trela, akasema atawavutia kwa lake.

Walikuwa wamepona. Précieux alifumba macho, midomo ikicheza. Mlango wa Mizero ungeondoka pale mchana kweupe, ukivutwa na mwenyewe aliyeibiwa.

Mama aliweka kikombe chini. "Ndiyo hii gari Mizero alikuwa ananipigia simu juu yake?"

Claris, kwa wema wake, alikuwa anamtafsiria Dorsey kila neno.

"Ndiyo, Mama," Kamanzi alisema.

"Ni gani kati ya hizi alifanya yeye?"

Claris akatafsiri. Dorsey akageuka kumtazama Kamanzi, anatabasamu, anangoja. Mlinzi pia.

"Hiyo," Kamanzi alisema. Alionyesha nyasini. "Mlango wa kushoto."

Mama alikwenda kwa fimbo yake. Akaiegemeza garini, akaweka viganja vyote viwili kwenye mlango wa pacha, akalaza paji la uso juu ya bati. Wanawake wakaacha kumimina chai.

"Mizero," alisema. "Mama amefika. Magoti ndiyo yamenichelewesha. Usinikasirikie."

Akaanza kulia bila sauti, mgongo ukitikisika. Alilibusu lile bati. Alilipapasa kama mtu anayetafuta uso wa mtoto gizani, na Mizero hakuwahi kuligusa hata siku moja.

"Nyamaza," Précieux alinong'ona. "Ndugu, nakuomba. Dakika kumi tu."

Dakika kumi. Kamanzi angeweza kuzihesabu. Angempeleka mama nyumbani, angekula chakula chake, angelala na gari lake. Na mama angekufa siku moja akijua kwamba alimuaga mwanawe kwenye mlango ule, na yeye Kamanzi angekuwa mtu pekee anayejua kwamba hapakuwa na kitu pale.

"Mama. Siyo hiyo."

Mama aliinua uso.

"Ni ile iliyo ndani ya trela. Ile ndiyo ya Mizero. Nilikudanganya. Tumekuja kuiba."

Claris alianza kutafsiri akitabasamu. Kufikia neno la tatu sauti ilipungua. La mwisho hakulimaliza, na hakukuwa na haja. Dorsey alivua kofia yake ya majani akabaki ameishika. Mlinzi aliinua redio. Précieux alikaa kwenye nyasi, akajifunika uso kwa mikono.

Kamanzi alimshika mama mkono, akampandisha kwenye trela. Akachukua vidole vyake akaviingiza ndani ya mlango, mahali rangi haikufika, avisikie vile vipigo vilivyolala kushoto. Mama alikaa pale muda mrefu. Alivipapasa kimoja kimoja, kutoka juu mpaka chini. Polisi wawili walipofika, Dorsey aliwainulia kiganja, nao wakasubiri.

Aliposhuka, macho yake yalikuwa makavu.

"Na hii ya chini, nani alifanya?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Peke yangu, Mama. Yote."

Alirudi nyasini. Sasa aliitazama vizuri, kuanzia magurudumu hadi paa, kama hakuwa ameiona mwanzo. Aliuvuta mlango wa kushoto, akausukuma kwa kidole. Ukafunga.

"Na hii ndiyo mulikuwa munaiacha hapa, kwa watu hatubajui?"

"Ndiyo."

"Mizero amekufa, mwana wangu," alisema. "Mimi nilikuwa nimebaki na wewe."

Polisi alimfunga pingu kwa nyuma. Kamanzi alilia pale pale, mbele ya wale wanawake wote, kilio ambacho hakukitoa Machi makaburini, na hakuwa na mkono wa kujifuta. Mama alichukua ncha ya kitenge chake akampangusa pua na macho, akamwambia asimame wima. Polisi alimpa nafasi amalize, kisha akamwinamisha kichwa na kumwingiza garini.