Mpakiaji Hajaambiwa Aondoke

Umewahi kumwona kiziwi akigutuka kwa sauti ambayo wewe, mwenye masikio mazima mawili, huisikii?

Ndivyo balaa lilivyoingia nyumbani kwa Kanali mstaafu. Mizinga ilimla masikio vitani. Ukitaka kusema naye unamwandikia kwa chaki kwenye kibao. Alasiri moja amekaa sebuleni, nishani ya ushujaa ukutani, mjukuu wake Kibonge akigaragara mkekani, mara mzee akageuka.

"Nani kasema tayari?"

"Hakuna, baba," binti yake akamwandikia.

"Kasema. Hapa nyuma yangu."

Nyuma ya kiti palikuwa na mtungi wa gesi wa jikoni. Binti akamsingizia mama yake, mama akamsingizia binti, wakacheka yakaisha. Kesho yake ukaongezeka mfuko wa unga. Kisha ndoo ya maji, imejaa, haijamwagika tone. Vimepangwa mstari kuelekea kiti cha mzee, na chumba kizima kinanuka baruti na shaba ya moto.

Kanali aliupakata ule mfuko, akaupima mikononi. Uso ukamparara.

"Huu ni uzito wa kombora."

Hapo ndipo aliporudia habari ambayo hakuwahi kuificha. Jioni ya vita wenzake wote walikufa, akaletewa mpakiaji mmoja kutoka kikosi kingine, wa kumtilia makombora mzingani. Wakapiga mzinga wawili tu, mpaka jeshi zima likavuka daraja. Wazee wengi wanaocheza na wajukuu leo wako hai kwa sababu ya jioni ile.

"Aliniambia jina lake," Kanali alisema. "Masikio yalishapasuka. Niliona midomo tu ikicheza. Kisha chuma kikanipiga, nikabebwa kwenye machela. Mpakiaji haondoki mzingani mpaka aamriwe. Sikumwamuru."

Kila alipohojiwa alisema tulikuwa wawili. Wakubwa wakaandika single-handed, yaani peke yake, kwa kile Kiingereza chao cha suti. Alipowauliza yule mwenzake ni nani, wakamwambia, relax, afande, shujaa mmoja anatosha.

Mganga aliitwa. Akafukiza, akasoma, harufu ya baruti ikaumeza ubani wote. Akaanza kukusanya vitu vyake.

"Huyu si wa kufukuzwa, mama," alimnong'oneza mke wa Kanali. "Huyu yuko kazini."

Haya basi. Nchi nzima vijana tumekalia digrii kama kuku kwenye mayai viza, na marehemu bado hajaachishwa kazi yake.

"Sasa tufanyeje?"

"Aamriwe aondoke. Kwa jina. Maiti haitwi wewe."

Jina hawakuwa nalo; Kanali alipomuuliza mwenyewe, alijibiwa tayari tu. Kanali akajaribu hivyo hivyo. Alivaa koti la jeshi, akabandika nishani, akasimama wima mbele ya kiti.

"Mpakiaji. Acha mzinga. Ondoka."

Kisha pazia la chumba cha ndani likavimba kama kuna mtu anapita, ingawa hakuna mtu aliyepita, na harufu ya shaba ikatanda, na Kibonge, ambaye mama yake alikuwa amemlaza mwenyewe na kufunga mlango, akatokea hewani, usawa wa kifua cha mtu mzima, chali, amelala fofofo, kichwa kimetangulia kuelekea kiti cha babu yake, akaja polepole mpaka mwisho wa mstari, akasimama, akarushwarushwa kidogo kama mtu anavyopima mzigo mkononi, halafu akalazwa mkekani taratibu, hata hakuamka.

Mama yake alimrukia, akampakata. Alimtazama baba yake, na mzee alikuwa ameinamisha kichwa, anamsikiliza mtu.

"Anasema nini?" aliuliza, akisahau kibao.

Kanali alikisia swali usoni mwa binti yake.

"Anasema bado mwepesi, hajafikia kombora."

Tangu siku hiyo kikombe cha maziwa kinakaa juu ya kabati. Kibonge analia, ananyoosha mikono, na mama yake anageuza uso ukutani.

Sasa ninyi mlioandika single-handed. Jioni ile mlimtoa mtu kwenye kikosi chenu mkampeleka kwenye mzinga, na mtu huyo alikuwa na mama aliyempa jina. Hatutaki gwaride. Hatutaki nishani ya pili. Leteni jina, na mlilete upesi, kwa sababu mtoto hata akinyimwa maziwa, anakua.