Picha za Mshipa wa Dereva

Diski haikuwepo mezani.

Ilikuwa na picha za mshipa wa moyo wa dereva mstaafu wa lori. Miaka mingi nyuma aliwekewa stenti, kijineti cha chuma kinachoutanua mshipa usizibe. Asubuhi hii kamera nyembamba kama uzi ilipitishwa kifundoni mwa mkono wake hadi ndani ya mshipa huo, kuangalia chuma kimezeeka vipi. Fundi wa mtambo alihamishia picha kwenye diski, akazifuta kwenye mashine kama kawaida yao, akaenda kumwita daktari. Kurudi, hola.

"Fundi ndiye mwizi," daktari alisema. "Mtieni pingu! Kipimo hakirudiwi, figo za mzee hazitaistahimili tena ile dawa ya kung'arisha picha. Nimwambie nini mwanawe?"

"Taratibu, daktari," Inspekta alisema. Kituoni walimwita Mama Taratibu, naye hakuchukia.

Mwana alikuwa kwenye benchi la korido.

"Niliacha kazi mgodini nije kumuuguza baba," alisema. "Kila siku kifua, kifua. Wakisema mzima, naondoka leo leo."

Inspekta akamrudia fundi. "Kitendawili!"

"Tega," fundi alijibu.

"Kimeibiwa. Hakiliwi, hakivaliwi, hakiuziki."

"Sijui, mama. Nakupa mji."

"Mji kaa nao. Nani mwingine alijua picha zinasemaje?"

"Muuguzi. Nilimwambia, 'Chuma kimefunikwa vizuri na utando wa mshipa, mshipa uko wazi, babu huyu ana moyo wa kijana.'"

"Ulimwambia wapi?"

"Hapo hapo kitandani."

"Mgonjwa alikuwa amelala?"

"Hapana. Kipimo hiki mtu huwa macho. Ila sisi tumezoea kuongea kana kwamba hayupo."

Inspekta akainama. Ukingoni mwa meza palikuwa na tone la damu, halijakauka.

"Nani amevuja damu hapa leo?"

"Mzee," muuguzi alisema. "Nilimwacha kidogo nikafuate kiti cha magurudumu. Narudi, kidonda cha mkono kimefumuka. Na nilimkanya asiutumie!"

Wakaenda wodini. Mzee alikuwa ameketi, anatazama ukuta.

"Diski iko wapi, mzee?"

"Chini ya godoro."

Hakubisha. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Inspekta akaitoa, akampa fundi. Fundi aliipokea kwa mikono miwili.

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Mke wangu amekufa. Nyumba ina vyumba vinne. Nikishakuwa mzima, nakaa na nani?"

Mwana alikuwa amesimama mlangoni, kasikia yote.

"Baba, kifua kiliacha kuuma lini?"

Mzee alijibu bila kugeuka.

"Siku uliyorudi."